Nilivyokabidhiwa kwa Sahihi

Nilizaliwa Jinja siku ya Jumanne, mvua ikinyesha, na sikuona sababu ya kulia. Mkunga aliiona. Alinigeuza, akanipiga kofi moja la kitaalamu mgongoni, nami nikalia mara mbili ili tuelewane. Baada ya hapo nilinyamaza nikaitazama taa ya dari. Ilikuwa taa nzuri. Katika mwaka wote uliofuata sikuona kitu kilichonishangaza kuizidi.

Mama yangu, Nabalayo, aliletewa mimi nikiwa nimeviringishwa katika kitenge. Hakucheka wala hakutoa chozi. Alisoma plasta yenye jina iliyobandikwa mkononi mwangu, akailinganisha na ile ya mkononi mwake, kisha akanifunua na kunihesabu vidole, kumi vya mikono na kumi vya miguu.

"Imetimia," akamwambia mkunga.

"Nini imetimia, Maama?"

"Hesabu."

Msimlaumu. Mama ni askari magereza. Kazi yake ni kufungua mlango wa upande wa wanawake asubuhi, kuhesabu walioamka, na jioni kuhesabu wanaolala. Ameifanya kazi hiyo miaka sita bila kupoteza hata mtu mmoja, na nadhani aliponiona alifanya alichokijua.

Baba yangu, Omollo, ni Mkenya, dereva wa lori la vigae, na hupita Jinja kila baada ya wiki mbili akielekea Kampala. Alifika siku yangu ya nne na mkate chini ya kwapa. Aliniinua hadi usoni pake.

"Bosi! Mama Ivy, hebu cheki huyu bosi anavyonitazama. Kama ofisa wa forodha! Hacheki mpaka uonyeshe karatasi zote."

Nilimtazama tu. Hakuwa na karatasi.

Ivy ndilo jina langu. Baba alilichagua, mama akaliandika ukurasa wa kwanza wa daftari, daftari la kawaida la shule, la kurasa tisini na sita. Tulikuwa tunakaa Mpumudde, chumba kimoja chenye pazia katikati, na daftari lilining'inia kwenye msumari kando ya kitanda, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi. Mama aliandika kila kitu. *Saa moja na dakika kumi, amenyonya, ziwa la kushoto. Saa mbili, amelala. Saa tatu na nusu, amechafuka, amebadilishwa. Hali: shwari.*

Nilikuwa shwari siku themanini na moja mfululizo. Sidhani kama yupo mfungwa aliyewahi kuwa shwari kiasi hicho.

Kuoga kulianza kwa upekuzi. Nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, kwapani, halafu kwenye mikunjo ya shingo, ambako kwa kweli nilikuwa nimeficha maziwa ya siku tatu. Aliyakuta. Aliyafuta kwa kitambaa cha uvuguvugu, polepole, kona hadi kona, na kama mikono ingekuwa na uso, ile mikono ingekuwa inatazama dirishani.

Chumba cha jirani alikaa Night, askari mwenzake kutoka Kitgum. Night hakubisha hodi hata siku moja. Aliingia akiwa na kikombe chake cha chai tayari mkononi, akaketi kitandani karibu na miguu yangu.

"Afande, mtoto hapana kimbia," alisema siku moja alipomkuta mama akiandika. "Weka hiyo daftari chini. Kunywa chai."

Mama akaweka kalamu.

"Night, nikuambie kitu?"

"Sema."

"Sisikii chochote. Watu waliniambia ukimshika tu, moyo unafunguka wenyewe. Namshika. Namshika kila siku. Ni kama nimeshika mfuko wa sukari."

Night akanitazama. Nikamtazama Night.

"Kilo ngapi?" akauliza.

"Nne na nusu."

"Basi shika sukari kilo nne na nusu. Usiangushe. Hiyo pia iko kazi."

Sikukasirika. Mimi mwenyewe sikuwa nasikia makubwa. Nilimjua mama kwa harufu, sabuni ya mche na maziwa na dawa ya viatu, na akitoka harufu ile ikapungua chumbani nilikuwa nageuza kichwa kuitafuta. Sijui kama huko ndiko kupenda, au ni kuzoea chumba.

Likizo ya uzazi ikaisha. Mama alitakiwa kurudi kazini, na zamu yake ilikuwa wiki moja mchana na wiki moja usiku. Alitafuta msichana wa kunilea. Wa kwanza alikaa siku mbili, wa pili alisoma daftari na hakurudi. Ndipo bibi yangu akapiga simu kutoka Mbale. Sauti yake ilisikika hadi nyuma ya pazia.

"Mlete. Kwani mimi nimekufa?"

Bibi anaitwa Eseza. Anakaa Malukhu, kwenye nyumba ya matofali yenye ua mdogo, na kutoka uani unauona mlima Wanale umesimama juu ya mji kama ukuta ambao mtu aliusahau bila kuumalizia. Nilimwita Kukhu kama wanavyoita bibi huko, ingawa hilo lilikuja baadaye, na lilikuja kwa shida kama mtakavyoona.

Tulifika adhuhuri. Kukhu alikuwa mlangoni, mikono imenyoshwa. Mama hakunitoa. Aliketi kwanza, akafungua begi, akavipanga vitu juu ya mkeka huku akivitaja: chupa mbili, nepi kumi na mbili, sweta moja, blanketi moja. Kisha akafungua daftari na kusoma mstari wa mwisho.

"Mtoto mmoja, wa kike, kilo sita, hana jeraha. Mama, weka sahihi hapa."

"Sahihi ya nini?"

"Kwamba umempokea."

Kukhu alimtazama kwa muda mrefu. "Nabalayo, mimi nilikuzaa wewe. Nani alinisainisha?"

"Ni utaratibu tu, Mama."

"Utaratibu wa nani? Huyu ameiba nini?"

Lakini mama alikuwa ameshanyosha kalamu, na mkono wake wa pili ulikuwa bado umeshika mguu wangu. Kukhu aliuona mkono ule. Akafuta wake kwenye gauni, akachukua kalamu, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa za duara alizofundishwa shule ya misheni. Ndipo akanichukua na kuniweka begani bila kusoma chochote wala kuhesabu vidole.

"Sasa sikiliza na wewe," akasema. "Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza wa binti hukaa kwa bibi yake. Wewe ulikaa kwa mama yangu. Hata ungemleta bila kalamu, angekaa."

"Atakaa mpaka atimize mwaka. Nikipata zamu ya mchana, nakuja kumchukua."

"Tutaona kama atakubali kuchukuliwa."

Kesi yangu ikafunguliwa hivyo. Mama alikuwa na miezi tisa ya kunirudisha, nami nilikuwa na miezi tisa ya kumsahau.

Nilianza mapema. Si kwa ubaya. Siku ya nne harufu ya dawa ya viatu ilikuwa imetoka kwenye blanketi langu, na mahali pake pakaingia moshi wa kuni na vitunguu. Nilikaa na moshi.

Mwezi wa tano niligeuka kifudifudi kwa bahati mbaya, watu wakapiga makofi, nikajua kwamba watu hawa huridhika upesi. Mwezi wa sita Kukhu alichovya kidole kwenye malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa kwa karanga, akanitia mdomoni. Nilitema. Akarudia. Nilitema. Mara ya tatu nilimeza kwa uchovu, na hapo hapo akatoka uani kuwatangazia majirani kwamba mimi ni Mgisu kamili. Baba yangu Mjaluo hakuulizwa. Kanisani, wanawake wa Umoja wa Akina Mama walinipitisha benchi hadi benchi kama kapu la sadaka, kila mmoja akiniangalia ndani kidogo kisha akinisogeza. Jino likatoka. Likatoka la pili. Sikulia, nilimng'ata shemasi.

Mama alikuja kila mwisho wa mwezi. Aliuliza nimekula mara ngapi, nimelala saa ngapi, akanigeuza huku na huku.

"Hesabu iko sawa, afande?" Kukhu alimtania.

"Iko sawa."

"Hakuna aliyetoroka?"

"Mama, acha."

Alinisemesha Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi yake. Kaa. Simama. Njoo. Kukhu hakuipenda. Alikuwa msichana katika miaka ya utawala wa wanajeshi, na Kiswahili alikisikia kwanza barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki. "Mtoto haamrishwi kwa lugha ya kambi," alisema. Mama akajibu kwamba hajui nyingine ya kumwambia mtu akusogelee. Mimi niliisikiliza ile lugha bila hofu na bila furaha, na kama mnavyoona, ndiyo iliyobaki.

Mwezi wa saba alikuja moja kwa moja kutoka zamu, akiwa na sare. Nilivutiwa na vifungo. Nilikishika kimoja nikajaribu kukila, na mama akasimama wima katikati ya ua, hakusogea, hakuninyang'anya, jua likimpiga usoni, mpaka nilipokata tamaa mwenyewe. Ilichukua muda. Kifungo kilikuwa imara.

Mwezi wa tisa nilisema neno. Nililiandaa kwa wiki nzima, nikalitoa siku ambayo mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani na begi. Nilisema, "Mama." Nilimwambia Kukhu.

Kukhu alishtuka. "Siyo mimi! Mimi Kukhu. Mama yule pale, ona."

Nikamwangalia yule pale. Nikaona mwanamke mrefu mwenye viatu vinavyong'aa. Nikarudisha macho kwa Kukhu na kulirudia neno langu, ili pasiwe na utata.

"Sawa," mama akasema.

Aliweka begi chini. Akaenda kwenye kamba, akaanua nepi zangu zote, kavu, safi, zenye harufu ya jua, akazitia kwenye beseni na kuanza kuzifua upya. Aliinama juu ya maji. Alisugua moja baada ya nyingine. Kukhu alimtazama kutoka mlangoni. Mwishowe akaingia ndani na kutoka na kipande cha sabuni, akakiweka kwenye ukingo wa beseni.

Nilikuwa na siku za kutosha kabla ya mwaka kutimia, na ningeweza kuzitumia kujirekebisha. Nilizitumia kujifunza kusimama kwa kushika kiti.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Baba aliliacha lori lake Tororo akaja na keki ambayo joto la njiani lilikuwa limeila jina langu. Ilibaki herufi moja tu juu ya sukari. Mama alikuja peke yake kutoka Jinja, bila sare, amevaa gauni la kijani ambalo sikuwahi kuliona. Hakuketi.

"Mama, nimepata zamu ya mchana," alisema. "Kuna mama mmoja pale Mpumudde, Night anamfahamu, analea watoto watatu. Amekubali huyu awe wa nne. Nimekuja kumchukua Ivy."

Kukhu alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na lile daftari.

"Soma," akasema. "Hapa. Hii sahihi ya nani?"

"Yako."

"Huko kazini kwako, mfungwa hutoka kwa neno la mdomo?"

"Hapana."

"Hutoka kwa nini?"

"Kwa hati ya mahakama."

"Iko wapi?"

Baba alicheka, akakuta anacheka peke yake. "Mama, kumbe leo mahakama imekaa? Basi mimi niandikeni shahidi. Nimekuja na keki tu."

"Keti, mwanangu. Keki yako inayeyuka."

Akaketi. Kukhu akanichukua na kuniweka katikati ya mkeka, akarudi hatua tatu upande mmoja. Akamwonyesha mama upande wa pili. "Mwenye kesi aseme mwenyewe. Ivy! Njoo kwa Kukhu."

Mama alipiga magoti. Alifungua mikono, si sana, kiasi cha upana wa kitabu. "Njoo," akasema.

Niliwatazama wote wawili. Nilijua kwamba kuna jambo zito, kwa sababu hata kuku walikuwa wamefukuzwa. Nikatambaa hadi kwenye keki. Sikuwa na nia mbaya. Ilikuwa karibu.

"Bosi ameamua!" baba akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Kukhu hakucheka. Aliketi pale pale alipokuwa amesimama, kwenye ukingo wa mkeka, miguu imenyoshwa mbele kama msichana.

"Nabalayo. Niambie kweli. Unamsikia huyu mtoto?"

Angeweza kusema ndiyo. Baba alikuwa anamsaidia kwa macho aseme ndiyo. Nadhani hata Kukhu alikuwa ameshaacha nafasi katika maneno yake ili ndiyo iingie bila kuulizwa zaidi.

"Hapana," mama akasema. "Siyo kama wanavyosema watu. Nimengoja. Labda nimeumbwa hivi."

Akanitazama nikila keki.

"Lakini kila asubuhi saa kumi na mbili nafungua ule mlango, Mama. Nahesabu wanawake sitini na wawili. Wanatimia sitini na wawili. Naandika sitini na wawili. Halafu nasimama pale nahesabu tena, kwa sababu naona mmoja hayupo. Nahesabu mara tatu. Wenzangu wameniambia niende nikapimwe macho."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake, mikono ikiwa bado imefunguka upana wa kitabu. Alikuwa ameisahau.

Kukhu aliniacha niimalize herufi iliyobaki.

"Wewe ulikaa kwa mama yangu miaka saba," akasema mwishowe. "Unajua kwa nini?"

"Desturi."

"Desturi ilikuwepo. Nami niliishukuru. Ulipozaliwa nilikuangalia kama ninavyoangalia mtoto wa jirani. Mzuri, lakini si wangu. Nikakupeleka kwa mama, nikarudi shambani kupalilia. Watu wakanisifu, binti mwenye heshima anayefuata mila. Sikurudi kukuhesabu, Nabalayo. Mwaka wa kwanza nilikuja mara mbili." Alishika ncha ya mkeka akaikunja, akaikunjua. "Uliporudi kwangu ulikuwa unaniita dada. Nikasema siku moja nikimpata mwingine mapema, akiwa bado mdogo, huyo simwachii."

Mama alimtazama. "Kwa hiyo huyu ni mimi."

"Nilidhani ni wewe. Kumbe ni wa kwako."

Baba aliinuka bila kuambiwa, akachukua ungo wa mchele na kuanza kuuchambua, kwa ufundi mbaya sana, akitupa mchele na kubakiza mawe.

Kukhu alinishika, akanifuta mdomo kwa kiganja. "Geuka," akamwambia mama. "Inama. Zaidi. Unaogopa nini, ana kilo tisa tu."

Mama alikuwa hajawahi kunibeba mgongoni. Siku zote alinibeba kwa mbele, mahali ambapo angeweza kuiona mikono yangu yote miwili. Kukhu alinilaza juu ya mgongo ule mrefu, akanizungushia leso, akaivuta chini ya kwapa la mama na kuifunga kifuani, akaifungua, akamwambia afunge mwenyewe. Mama akafunga. Ililegea. Akafunga tena.

"Sasa inuka."

"Simwoni," mama akasema. "Mama, simwoni."

"Humwoni. Ndivyo ilivyo. Inuka."

Akainuka. Dunia ikapanda ghafla, nikauona mlima wote na paa za Malukhu na baba aliyeinamia ungo. Mama alisimama tuli kama siku ile ya kifungo. Nilikuwa nimebanwa shavu kwenye gauni la kijani, na chini ya gauni palikuwa na joto na jasho, na kitu kinachogonga kwa ndani, si kwa haraka, kwa mwendo wa kawaida tu.

"Tembea basi," Kukhu akasema. "Au mtalala hapo?"

Mama alipiga hatua moja. Akangoja aone kama nimeanguka. Akapiga ya pili. Mkono wake ukaja nyuma, ukanigusa mguu, ukarudi, ukaja tena na kubaki. Tulipita kamba ya nguo, tukapita jiko la nje, tukafika kwenye mwanya wa ua, na hapo mama akageuka na kumwangalia Kukhu, ambaye alikuwa bado amekaa kwenye mkeka, kiganja chenye sukari kikiwa juu ya paja.

"Nenda," Kukhu akasema. "Nitawaletea begi."

Sikusikia makubwa. Naomba mniamini, nimejaribu kukumbuka kama nilisikia, na sikusikia. Nilikuwa na njaa kidogo, ya aina ambayo siku nyingine ningeitolea taarifa mara moja. Niliona isubiri.